Malkia Elizabeth na Shosh Yangu Walikuwa Rika Moja: Venye Unaweza Kujua Umri wa Mtu Asiye na Cheti cha Kuzaliwa

Septemba 2022 kwetu kulikuwa na misiba miwili. Mmoja ulikuwa kwa TV, mwingine ulikuwa hapo hapo sebuleni.

Malkia Elizabeth aliaga tarehe 8. Shosh yangu alimfuata siku sita baadaye, usingizini, huko Nyeri. Kwa hivyo kamati ya mazishi ikiketi jioni kuchanga doh na kupanga gari la maiti, TV pale kwa kona ilikuwa inaonyesha foleni ya London, wasee wamesimama usiku kucha ndio wapite mbele ya jeneza.

Mimi nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. "Si wewe ndio unaandikanga mambo ya mtandao," Anko mdogo alisema. Sikubisha. Chuo niliacha mwaka wa pili na kila mtu kwa hiyo kamati alijua, so ukipewa kazi inayohitaji kichwa unashukuru tu na kunyamaza.

Kazi ilikwama kwa mstari wa kwanza.

Unajua zile programu za mazishi. Picha ya marehemu, halafu chini yake tarehe mbili: Jua Kuchomoza na Jua Kutua. Msee wa saiba alikuwa anataka zote mbili ndio aanze kupanga kurasa. Jua Kutua tulikuwa nayo. Jua Kuchomoza tukatoa kitambulisho, na kimeandikwa hivi: 00.00.1934.

Sifuri nne na mwaka. Siku hakuna, mwezi hakuna.

Wakati huo huo mtangazaji kwa TV anatuambia Elizabeth alizaliwa tarehe 21 Aprili 1926, nyumba namba 17 mtaa wa Bruton, London, saa nane na dakika 40 usiku. Dakika, msee! Kuna mtu alikuwa ameshika saa.

Hizo sifuri zilitoka wapi?

Kama uko na shosh ama guka wa miaka mingi, cheki kitambulisho chake. Kuna uwezekano mkubwa utapata sifuri kama hizo, ama tarehe moja Januari. Si ati wazee wote walizaliwa siku ya mwaka mpya.

Serikali ya mkoloni ilianza kuwapa Waafrika kipande karibu 1919 na 1920. Lakini kipande kilikuwa cha wanaume, kile cha kuvaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, juu mzungu alitaka kujua nani anafanya kazi kwa shamba la nani na nani amehepa. Wanawake hawakuhesabiwa hapo. Wengi wa rika ya shosh walipata kitambulisho cha kwanza miaka ya 70 ikiisha na ya 80 ikianza, tayari wakiwa watu wazima wenye watoto wakubwa.

Shosh alipata chake 1980. Anko mkubwa ndiye alimpeleka, na anakumbuka venye ilienda. Karani alimuuliza shosh alizaliwa lini, akasema hajui. Akaulizwa mtoto wake wa kwanza ana miaka mingapi. Shosh akamwonyesha Anko mkubwa, aliyezaliwa 1957. Karani akapiga hesabu: huyu ana 23, na mama labda alimzaa akiwa na 23. Akaandika 1934. Ikaisha.

Hiyo hesabu si ya kijinga. Ni ile tu imesimama kwa mguu mmoja. Kama mtoto wa kwanza si wa kwanza, kila kitu kinaanguka. Shika hiyo, tutairudia.

Usiulize mwaka, uliza alikuwa anafanya nini

Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa namba. Walihesabu kwa matukio. Rika zilipewa majina ya vitu vilivyotokea wakati huo: njaa, ugonjwa, ndege ya kwanza kuonekana. Ukiuliza shosh "ilikuwa mwaka gani" atakuangalia tu. Ukimuuliza "nzige zikikuja ulikuwa unafanya nini," utapata jibu refu kuliko chai.

Na hilo jibu nilikuwa nalo. Mapema 2020, nzige zilipovamia Kenya, nilimwonyesha shosh video kwa simu. Akashika simu karibu na jicho lile zima, akaangalia hadi mwisho, akasema: "Hawa wamerudi kuchukua nini tena?"

Akaniambia alipokuwa mdogo walikuja wakafunika jua. Watoto walipewa madebe wapige kelele wazitoe kwa mtama. Yeye alipiga debe akiwa amembeba ndugu yake mdogo mgongoni. Jioni walizichoma wakakula.

Wakati ule nilicheka, nikapost. Sasa usiku wa kamati nikaanza kuiangalia vizuri. Nzige kubwa za enzi hizo Kenya zilikuwa kati ya 1928 na 1931. Kama shosh alizaliwa 1934, alipiga debe kabla ya kuzaliwa. Na mtoto wa kubeba mtoto mwingine huku anapiga debe si wa miaka miwili. Ni wa mitano, sita.

Tukio moja halitoshi, juu kumbukumbu huchanganyika. Nikatafuta la pili. Shosh alikuwa anasemanga kuhusu *ng'aragu ya mianga*, njaa ya mihogo. Hiyo ni 1943. Mvua ilikuwa imekataa, na vita ilikuwa imechukua chakula na vijana. Shosh alisema alitumwa kununua mihogo mbali, akarudi na mzigo kwa kamba ya kichwa, mzigo wa mwanamke mzima, akitembea tangu asubuhi hadi usiku. Kwa kitambulisho alikuwa na miaka tisa. Mtoto wa tisa habebi huo mzigo. Msichana wa 17 ama 18 anabeba.

Matukio mawili, jibu moja: kati ya 1924 na 1926. Shosh na Malkia walikuwa rika moja.

Nilipotangaza hivyo kwa kamati, Anko mkubwa alikataa katakata. "Kibali cha mazishi kinasema 1934. Mnataka kubishana na serikali kwa maiti?"

Dunia ilikuwa inapitia kwa shamba lake

Hapo ndio nilichukua karatasi nikachora mistari miwili. Juu, mambo ya dunia. Chini, maisha ya shosh. Nilidhani ile ya juu itakuwa imejaa na ya chini itakuwa na "alilima, akazaa, akalima." Ilienda tofauti.

Vita ya Pili ya Dunia. Tunasoma kuhusu Hitler na Churchill. Kwa shosh vita ilikuwa kaka yake mkubwa. Alichukuliwa na KAR, na stori yetu inasema alipanda meli Mombasa, meli ikazama, basi. Hakuna barua, hakuna kaburi. Meli inayoendana na hiyo stori ni SS Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 ikienda Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Japani iliipiga karibu na Maldives na ikazama kwa kama dakika mbili. Walikufa karibu 1,300. Siwezi kuapa alikuwa humo. Lakini nimekaa Kenya miaka yangu yote na sikuwahi kuambiwa kuhusu hiyo meli darasani, na hata kanisa dogo la Waitaliano pale Mai Mahiu, lililojengwa na wafungwa wa vita hiyo hiyo, kila mtu amepiga picha nalo.

Malkia kwa mti. Februari 1952 Elizabeth na Philip walikuja Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 6 walilala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti huko Aberdare, na babake akafa London ikiwa bado hajui. Alipanda mti kama binti mfalme, akashuka kama malkia. Watalii huambiwa hiyo stori hadi leo. Shosh alikuwa na version yake: msafara ulipopita, alisimama kando ya barabara na mtoto mgongoni, akaona vumbi. Alikuwa anairudia kila Krismasi. "Niliona vumbi la Malkia."

Tulicheka hiyo stori miaka yote. Hakuna mtu aliwahi kuuliza: mtoto gani?

Hali ya hatari. Miezi minane baadaye, 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Guka alikuwa anafanya kazi Nairobi, akashikwa kwa ile operesheni ya Anvil iliyoanza 24 Aprili 1954, akapelekwa Manyani. Huku nyumbani serikali ikaanza kuhamisha watu kwa nguvu. Zaidi ya watu milioni moja, wengi Wakikuyu, walitolewa kwa boma zao wakafungiwa kwa vijiji zaidi ya 800, vyenye mitaro na miti iliyochongoka pande zote, na saa za kutotoka. Wanaume wengi walikuwa kizuizini ama msituni, so vijiji vilijaa wanawake, watoto na wazee. Mchana wanawake walipelekwa kuchimba mitaro kando ya msitu ili Mau Mau wasipate chakula. Ile neno *gichagi* tunatumia tukienda ushago Desemba, kwa shosh lilikuwa jina la mahali hapo.

Mtoto gani?

Siku tatu kabla ya mazishi alikuja cucu mmoja jirani, mama wa miaka 79, kusalimia familia. Aliketi kwa kiti cha plastiki, akapewa chai. Mimi nikaenda na karatasi yangu.

"Cucu, kule gichagi mlikaa karibu na shosh?"

"Ukuta kwa ukuta. Nilikuwa msichana wa kama miaka 12."

"Na shosh alikuwa tayari ameolewa?"

Akaniangalia kama mtu ameuliza kama maji ni maji. "Alikuwa ameolewa. Alikuwa na yule msichana wake."

Nikamuuliza msichana gani, juu Anko mkubwa ndiye wa kwanza.

Cucu akaweka kikombe chini. Akasema alikuwa mtoto wa kama miaka minne. Mchana shosh akienda mtaroni, mtoto aliachwa kwao na walikuwa wanaota moto pamoja. Ugonjwa ukapita kijijini, ukachukua watoto wengi. Ilikuwa 1955, kabla ya guka kurudi. Shosh alirudi jioni kutoka mtaroni akapata imeisha. Kesho yake alienda mtaroni tena, juu hukuwa unaulizwa.

Nikamuuliza aliitwa nani. Cucu akataja jina. Ni jina la Auntie, yule anayefuata Anko mkubwa, aliyezaliwa 1960.

Wenye wanajua desturi zetu wataelewa. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Yule wa kwanza alipokufa, jina lilibaki bila mtu, na msichana aliyefuata akalichukua. Auntie ameishi miaka 62 akidhani yeye ndiye msichana wa kwanza wa kwao.

Alikuwa mlangoni ameshika sufuria. Alisikia yote. Aliuliza kitu kimoja tu: "Alizikwa wapi?" Cucu akasema kijiji kilivunjwa, watu wakarudi kwa mashamba yao, sai hapo kuna majani chai.

Kwa hivyo shosh aliposimama mbele ya karani 1980, akaulizwa mtoto wa kwanza ana miaka mingapi, alimwonyesha aliyekuwa hai. Karani hakukosea hesabu. Alikosa mtoto mmoja, na huyo mtoto mmoja alikuwa na uzito wa kama miaka tisa.

Baridi ya Brazil na mkutano wa London

Karatasi yangu ilikuwa bado na nafasi, na Anko mdogo sasa alikuwa ameketi kando yangu anaangalia.

Kwa miaka mingi Waafrika walizuiwa kupanda kahawa, mpaka mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaifungua kwa wakulima wetu. Guka aliporudi, yeye na shosh walipanda miche yao ya kwanza. Uhuru ukaja 1963. Julai 1969 dunia nzima ilikuwa inaangalia mwezi. Shosh alikumbuka huo mwezi kwa sababu ya Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5, siku 15 kabla ya Armstrong kukanyaga huko juu.

Halafu Julai 1975, jimbo la Paraná huko Brazil likapigwa na baridi kali usiku mmoja. Kahawa ikakauka mashambani, na Brazil ndio mkulima mkubwa wa kahawa duniani. Bei ikapanda kama moshi. Kabla ya baridi, ratili moja ya kahawa New York ilikuwa chini ya dola moja. Aprili 1977 ilipita dola tatu. Shosh hakuwahi kusikia Paraná. Alijua tu chama cha ushirika kilimlipa pesa hajawahi kushika. Nyasi ikatoka, mabati ikaingia. Hiyo mabati ndiyo tulikuwa tumeketi chini yake tukiandika wasifu. Imelipwa na baridi ya Brazil.

Na kuna 1989. Uliza mtu yeyote atakuambia ukuta wa Berlin ulianguka Novemba. Lakini Julai ya mwaka huo, nchi wanachama wa shirika la kahawa duniani, lenye makao London, zilishindwa kuelewana na mgao wa mauzo ukasimamishwa. Kila nchi ikamwaga kahawa sokoni. Bei ikaporomoka na ikakaa chini miaka. Kwa kijiji cha shosh, huo ndio ukuta ulioanguka.

Anko mdogo aliweka kidole hapo kwa 1989. Alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha walimu. Malipo ya kahawa yalipokuja hayakutosha hata mbolea, na akarudi nyumbani. Kwa familia stori imekuwa moja siku zote: Anko alianguka chuo juu ya pombe.

"Pombe ilikuja baadaye," alisema. Hakusema kingine. Mimi pia sikusema kitu. Nilisogeza tu karatasi ikae katikati yetu.

Tuliandika nini mwishowe

Kwa karatasi za serikali tuliacha 1934, juu Anko mkubwa alikuwa sawa kwa hiyo: ukibadilisha mwaka kwa kibali, utazika mwezi ujao. Kwa programu yetu tukaandika hivi. Jua Kuchomoza: karibu 1925, kabla ya nzige. Jua Kutua: 14 Septemba 2022.

Auntie ndiye alisisitiza kuhusu orodha ya watoto. Kwa namba moja kuna jina lake, na mabano: 1951 hadi 1955, gichagi. Kwa namba tatu kuna jina lake tena. Msee wa saiba alitupigia simu akidhani tumekosea tukarudia. Tukamwambia aache hivyo hivyo.

Wewe fanya hivi

Kama shosh ama guka wako bado yuko, usingoje kamati. Keti naye na uanze na tukio lenye mwaka unajulikana: nzige za 1928 hadi 1931, njaa ya 1943, hali ya hatari 1952, uhuru 1963, mahindi ya manjano kutoka Marekani 1984. Kama kwao si Mount Kenya, kila upande uko na njaa zake na majina yake, uliza. Usiseme "ulikuwa na miaka mingapi." Sema: ulikuwa unabeba nini? Ulikuwa umeolewa? Nani alikuwa mgongoni?

Pata matukio mawili ama matatu yanayokubaliana, kisha andika mwaka kwa makadirio, si mwaka mmoja wa kulazimisha. "Kati ya 1924 na 1926" ni ukweli zaidi kuliko 1934 yenye muhuri.

Halafu uliza kuhusu watoto wote. Wote. Usianze na aliye hai.

Malkia alizikwa 19 Septemba na nusu ya dunia ikaangalia. Shosh tulimzika Ijumaa iliyofuata, kama watu mia mbili, hema tatu, mvua kidogo. MC alisoma wasifu hadi mahali pa watoto, akafika namba moja, akasimama, akaangalia upande wa familia kuuliza kwa macho.

Auntie akainua mkono, kama mtu anajibu jina lake kwa rejista. Kisha MC akaendelea.